UZI: Mke wa mkulima Marekani, kila kazi aliifanya ila kwenye karatasi hayumo

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili.

Magazeti ya miji midogo ya Marekani, kule kwenye mahindi na ngano, Iowa, Nebraska, Kansas, Minnesota, yana kautaratibu ambako nakapenda. Mtu akifa, hata kama hakuwa na jina wala cheo, anaandikiwa maisha yake. Mimi kazi yangu ni ya usiku na ina kukaa kwingi, kwa hiyo nimezisoma hizo tanzia mpaka nimeanza kuzikariri. Za akina mama waliozaliwa miaka ya 1920 na 1930 zinakwenda hivi: alizaliwa shambani, akasoma shule ya chumba kimoja, akaolewa, akawa mke wa mkulima, akalea watoto watano, akafundisha shule ya Jumapili miaka arobaini, aliipenda bustani yake, kuku wake na wajukuu. Basi.

Kilichonishika ni hayo maneno matatu, "mke wa mkulima". Baba akifa anaandikwa mkulima. Mama wa shamba hilohilo anaandikwa mke wa mkulima. Sasa tumfuate huyu mama siku moja tuone kama jina linamtosha.

Tuchukue mwaka 1930 hivi. Anaamka kabla ya jua, anawasha jiko la kuni. Maji yako kisimani au kwenye bomba la mkono nje, ndoo baada ya ndoo. Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni, na mara nyingi yeye yumo. Maziwa yanapitishwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotenga krimu, halafu mashine yenyewe ioshwe kisahani kwa kisahani, kila siku, la sivyo inanuka. Kuku ni wake, bustani ni yake. Mwisho wa kiangazi anapika na kufungia kwenye chupa za vioo mboga na matunda ya kuvuka baridi, chupa mia na zaidi. Na wiki ilikuwa na ratiba inayojulikana nchi nzima: Jumatatu kufua, Jumanne kupiga pasi, Jumamosi kuoka mikate, Jumapili kanisani. Pasi yenyewe kipande cha chuma unakipasha kwenye jiko, kikipoa unachukua kingine. Mwezi wa saba, na moto umewaka ndani.

Ukija msimu wa kupura ngano majirani walikuwa wanazunguka na mashine moja shamba kwa shamba. Wanaume kumi na tano, ishirini, wanatua kwako adhuhuri wana njaa. Nani anapika? Na sifa ya shamba ilipimwa kwa meza hiyo.

Halafu kuna pesa ya mayai. Mayai na siagi mama aliyapeleka dukani mjini, akarudi na sukari, kahawa, viatu vya watoto. Pesa ya mavuno ililipa deni la benki na kununua mashine. Mwaka ambao mvua imegoma au bei ya mahindi imeanguka, nyumba ilikula mayai. Kula kwa maana ya kuishi.

Sasa njoo kwenye karatasi. Sheria ya Homestead ya 1862 iligawa ekari 160 kwa anayekubali kukaa na kulima miaka mitano. Mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa kuomba kwa jina lake. Mjane aliruhusiwa. Aliyeolewa, hapana. Yaani mwanamke pekee aliyekuwa na uhakika wa kwenda kuishi kwenye hilo shamba ndiye asiyeweza kulimiliki.

1908 Rais Theodore Roosevelt akaunda tume kuchunguza kwa nini maisha ya vijijini yanakimbiwa. Ripoti yao ilisema wazi kwamba mzigo wa mama wa shamba ni mzito mno. Wajumbe wa tume? Wanaume watupu.

Narudi baadaye, simu inaita.

#2

Nimevuta kiti. Shusha vitu mkuu.

#3

Mleta mada umeandika vizuri ila napinga. Huyo mama ukimfufua leo ukamwambia ulinyonywa, atakupiga na mwiko. Alikuwa na mume, watoto, kanisa, majirani. Alijua kwa nini anaamka. Nyie wa siku hizi kila kitu mnakigeuza mshahara. Upendo haufanyiwi hesabu.

#4 Mleta mada

#3 heshima yako mkuu, ila sikuandika neno kunyonywa, rudi usome. Na bahati nzuri hatuhitaji kumfufua, maana aliulizwa akiwa hai.

Oktoba 1913 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilituma barua kwa wake wa wakulima 55,000, nchi nzima, ikiwauliza wizara iwasaidieje. Majibu yalikuja 2,241, na 1915 yakachapishwa kwenye ripoti nne. Nguvu ya malalamiko ni hii: mnamfundisha mume wangu namna ya kulisha nguruwe, mimi hakuna anayenifundisha wala kuniuliza kitu. Shamba limenunuliwa mashine mpya, jikoni maji bado yanabebwa kwa mikono. Wengi walitaja upweke, maana jirani yuko mbali na barabara ikinyesha haipitiki. Mishahara hawakuisema sana. Walichokirudia wengi ni bomba la maji ndani ya nyumba.

Kwa hiyo upendo ulikuwepo, sikatai. Na ndoo zilikuwepo.

#5

2,241 kati ya 55,000 ni wachache, mkuu. Wasiojibu labda walikuwa wameridhika.

#6 Mleta mada

Au walikuwa wanafua. Barua ikifika Jumatatu imekwisha hiyo 😂

Hoja yako ni ya haki lakini. Walioandika ni wenye muda, kalamu na hasira. Ila serikali iliwasikia kiasi fulani: Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ilianzisha huduma za ugani kupitia vyuo vikuu vya kilimo, na pamoja na mabwana shamba wakaajiriwa akina mama wa sayansi kimu wa kuzunguka vijijini, kufundisha usindikaji salama wa vyakula, ushonaji, lishe. Vikundi vya akina mama vikazaliwa hapo, na vingi vilidumu kuliko maafisa wenyewe.

#7

Niko Iowa mwaka wa tisa sasa, nasali na Walutheri kijijini kwa sababu nyumbani nilikulia KKKT. Hao akina mama wa tanzia za mleta mada nimewakuta hai, wa mwisho mwisho, na nimefanya nao kazi jikoni. Niwaelezee kitu kimoja tu, chakula cha msiba.

Mtu akifa, kabla familia haijamaliza kulia, kuna mama mmoja ameshapokea simu. Huyo anawapigia wawili, wale wawili kila mmoja wawili. Saa moja haiishi, kila nyumba inajua inaleta nini. Nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande, mikate midogo, viazi vya kuoka na jibini, saladi, keki za kukata mraba. Ibada ikiisha watu wanashuka chumba cha chini ya kanisa, meza zimetandikwa, birika za kahawa zinazotosha watu mia zimeshachemka. Familia ya marehemu haigusi sahani. Na huwezi kumkuta mtu anayetoa amri. Kila mmoja anajua anasimama wapi, kama watu waliozaliwa na hiyo kazi.

Chini ya kila bakuli kuna kipande cha utepe kimeandikwa jina la mwenye bakuli, ili lirudi kwake. Siku ya kwanza nilipewa kuosha, nikawa nageuza bakuli nasoma majina. Mama mmoja akaniambia lile pale jina si la mtu aliye hai, alikufa miaka mingi, bakuli lake linaendelea kuja tu, binti yake hataki kubandua.

Jikoni mle mchungaji mwenyewe anabisha hodi.

Na pesa. Umoja wa wanawake wa kanisa ulikuwa unauza chakula cha jioni mara moja au mbili kwa mwaka, ulishona mablanketi ya viraka na kuyauza. Paa la kanisa, jiko la kupashia joto, wakati mwingine hata pengo la mshahara wa mchungaji, hapo ndipo lilipozibwa. Kuna mablanketi ya zamani yamedariziwa majina matupu: ukitoa senti kumi jina lako linashonwa, likijaa linapigwa mnada. Yaani wanakuuzia jina lako, halafu wanakuuzia tena blanketi.

Mablanketi yanashonwa mpaka leo. Lutheran World Relief ilianza 1945 kusaidia Ulaya iliyotoka vitani, na marobota bado yanafungwa kwenda kwa wakimbizi na watu wa maafa sehemu nyingi za dunia. Mama wa miaka 86 namjua, vidole vimepinda, anafunga vifundo tu sasa, sindano hawezi. Jumanne hakosi.

#8

#7 umenitoa machozi, Mungu akubariki.

Sasa mnaona? Ndicho nilichokuwa nasema (mimi #3). Huyo wa vidole vilivyopinda utamlipa shilingi ngapi?

#9

Mimi ni mwanamke, naomba niongee kidogo kabla hamjamfanya huyu mama malaika.

Kwanza, si wote walipenda. Wapo waliotaka kuwa walimu, na shule nyingi enzi hizo zilimwachisha kazi mwalimu wa kike akiolewa. Hiyo njia ikafungwa, akabaki na kuku.

Pili, kitabu cha mapishi cha kanisa. Hivi kila kanisa kule lilikuwa nacho, akina mama wanachangia mapishi, kinauzwa kuchangia kanisa. Fungua cha miaka ya 1950. Chini ya pishi limeandikwa Bibi fulani, na hilo "fulani" ni jina la mume, la kwanza na la ukoo. Pishi lake, mkono wake, jina la mume. Unaweza kusoma kitabu kizima usijue mama hata mmoja aliitwa nani na mamaye.

Tatu, na hii inakwenda upande wa pili, kwa hiyo #3 usifurahi haraka wala mleta mada usikasirike. Kanisa lilimpa alichonyimwa kwingine. Kabla ya 1920 majimbo mengi hayakumruhusu kumpigia kura rais, lakini kwenye umoja wa wanawake alikuwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, anasoma muhtasari, anapitisha hoja, anatunza daftari la fedha ambalo mume hagusi. Grange, chama cha wakulima cha 1867, nacho kilimpa kura na uongozi tangu mwanzo. Akina mama waliojifunza kuendesha kikao kwenye chumba cha chini ya kanisa ndio walioibuka baadaye bodi za shule na maktaba.

Lakini altareni walisubiri. Makanisa mawili makubwa ya Kilutheri ya Marekani yalikubali kubariki wachungaji wanawake mwaka 1970, na Missouri Synod, kanisa jingine la Kilutheri la hukohuko, mpaka leo halijakubali. Paa amelipa yeye.

#10

"Paa amelipa yeye." Dada umeua.

Mimi naongeza la kuchekesha. Unga na chakula cha kuku vilikuwa vinauzwa kwenye magunia ya pamba. Akina mama wakawa wanafua maandishi yanatoka, wanashona nguo. Wenye viwanda walipogundua, wakaanza kutengeneza magunia yenye maua na mistari! Magunia matatu hivi, gauni la mtu mzima. Sasa mume anatumwa dukani na kipande cha kitambaa mfukoni, atafute gunia linalofanana. Baba na suruali yake ya shamba anapangua rundo la magunia ya pauni mia mia anatafuta lenye maua ya bluu, na linalotakiwa liko chini kabisa. Upendo ndio huo #3, nakuunga mkono hapo.

#11

Mimi nimesomea mambo ya kodi, na mleta mada amegusa karatasi halafu hajafika kwenye karatasi mbaya kuliko zote. Nimalizie.

Kodi ya mirathi ya serikali kuu ya Marekani. Kuanzia 1942 hadi 1976 msamaha, yaani thamani ya mirathi isiyotozwa, ulikuwa dola 60,000. Mwanzoni hiyo ilikuwa pesa kubwa, shamba la kawaida halikuguswa. Kisha ardhi ikapaa. Iowa, ekari moja mwaka 1970 ilikuwa wastani wa dola 419, mwaka 1981 ikawa 2,147. Mkulima yuleyule, trekta lilelile, mfukoni hana kitu, lakini kwenye karatasi ni tajiri.

Sasa hapa ndipo mke anapoingia, au niseme anapotolewa. Shamba limeandikwa kwa majina ya wote wawili. Mume akifa, sheria ilidhani kwamba shamba lote lilikuwa la mume, labda mke athibitishe kwamba alichangia pesa kulinunua. Pesa, si kazi. Kukamua miaka thelathini haikuwa uthibitisho. Pesa ya mayai ilishaliwa kwenye sukari na viatu, nani alitunza risiti?

Tuchukue shamba la dola 320,000. Nusu ilisamehewa kwa sababu inakwenda kwa mwenzi, inabaki 160,000. Toa 60,000. Mjane anatozwa kodi kwa 100,000, pesa taslimu, wakati alichonacho ni udongo. Wengine waliuza kipande, wengine walikopa kulipia shamba ambalo walidhani ni lao. Waliiita kodi ya mjane.

Na geuza sasa. Mke akitangulia kufa, mume hakutozwa kitu kwa shamba hilo, maana sheria ilishaamua mke hakuchangia. Ndoa ileile, hati ileile.

Waliopigana nayo ni akina mama wenyewe. American Agri-Women iliundwa 1974, na 1976 huko Sidney, Nebraska, ikazaliwa WIFE, herufi za mwanzo za jina lao refu zinazosomeka "mke". Hilo jina nalipenda. Msamaha ukapandishwa mwaka 1976, na sheria ya kodi ya 1981 ikamaliza shughuli: kinachotoka kwa mwenzi kwenda kwa mwenzi hakitozwi, na mali ya pamoja inahesabiwa nusu kwa nusu bila kuuliza nani alitoa pesa.

#12

Daah. Kwa hiyo kabla ya hapo sheria ilimwona kama mgeni aliyelala kwao miaka hamsini.

#13

Naomba kuuliza, umeme uliwasaidia? Bibi zetu umeme ulipofika kila kitu kilibadilika.

#14 Mleta mada

Nimerudi. #11 asante, umeiweka vizuri kuliko ambavyo ningeiweka.

#13, sana. Katikati ya miaka ya 1930 shamba moja tu katika kumi lilikuwa na umeme, kampuni zilisema kuvuta nguzo vijijini hakulipi. 1935 Franklin Roosevelt akaanzisha shirika la umeme vijijini, sheria yake ikapita 1936, na wakulima wakajiunga kwenye vyama vya ushirika vikakopeshwa kujenga laini zao wenyewe. Miaka ishirini baadaye karibu kila shamba linawaka. Pampu ikaleta maji ndani, yaleyale waliyoyaomba 1913. Pasi ya umeme ikaja, mashine ya kufulia ikaja.

Halafu muda uliopatikana ukachukuliwa. Miaka ya 1980 ilipokuja dhiki ya mashamba, riba juu, bei ya ardhi chini (ile ekari ya Iowa ya 2,147 ilishuka mpaka 787 mwaka 1986), akina mama wengi walitafuta kazi mjini: shuleni, hospitalini, benki. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa bima ya afya, maana mkulima hana mwajiri wa kumkatia. Asubuhi ofisini, jioni hesabu za shamba, na wakati wa mavuno anaendesha lori la nafaka usiku. Ng'ombe waliuzwa, lakini kazi haikuuzwa.

Sasa karatasi yangu ya mwisho. Sensa ya kilimo ya Marekani ilianza kuuliza jinsia ya mwendeshaji wa shamba mwaka 1978. Kabla ya hapo hawakuuliza. Na mpaka kabla ya 2002 shamba moja lilihesabiwa mtu mmoja, kwa hiyo ukiwa na mume na mke wanalima pamoja, mmoja lazima apotee, na mnajua ni yupi. 2017 wakarekebisha dodoso ili liwataje wote wanaofanya maamuzi shambani. Matokeo: wanawake wazalishaji wakawa milioni 1.2, asilimia 36 ya wote, ongezeko la karibu asilimia 27 kwa miaka mitano.

Hakuna mvua ya wanawake iliyonyesha Marekani kati ya 2012 na 2017. Wizara yenyewe ilieleza kwamba sehemu kubwa ni lile swali kubadilishwa. Walikuwa wamekaa mezani palepale.

#15

(#3 tena) Nimesoma ya kodi mara mbili. Hiyo ya mjane nakubali ilikuwa dhuluma, nafuta usemi hapo. Lakini kwenye tanzia bado nasema waache waandike mke wa mkulima. Wengine walijiita hivyo wenyewe kwa majivuno, na tanzia nyingi wanaandika watoto wake wanaomjua.

#16

#15 hilo sina la kulijibu. Mama mkwe wangu ukimwita mkulima anakukatalia, na yeye ndiye anayejua kila ng'ombe kwa jina.

#17

(wa Iowa) Nilimsomea hizi asilimia 36 yule mama wa vifundo, Jumanne, nikimtafsiria. Akauliza mwaka 2017 waliuliza nini hasa. Nikamwambia, nani anaamua nini kipandwe, nani anatunza hesabu. Akafunga kifundo kingine, akasema hesabu alitunza tangu 1961. Kisha akaniuliza kama nina gari linalopanda theluji, kuna msiba Alhamisi, mimi nimepangiwa viazi.